Flamingo wa Nakuru wameenda wapi? Tuanze na miguu yao

Kila baada ya muda inazunguka tena ile video ya Ziwa Nakuru kule Kenya, maji yamepanda mpaka barabara za hifadhini zimezama, migunga imekufa imesimama wima ndani ya maji, na ule ukingo wa pinki tuliouzoea kwenye kalenda haupo. Hapo chini sasa watu ndo wanaanza. Mmoja anasema flamingo wameisha, mwingine anasema wamehamia Tanzania na hawarudi, mwingine anajibu kwamba hao walioenda Tanzania wameenda kufa maana kule kuna Ziwa Natron linalogeuza ndege kuwa jiwe, na lazima atokee wa kuleta picha ya yangeyange weupe katikati ya ng'ombe akiuliza mbona flamingo wako tele huku kwetu. Kila nikisoma naona kuna ukweli kidogo umefunikwa na mambo mengi yasiyo sahihi, kwa hiyo leo tulifungue hili jambo taratibu, kuanzia mwili wa huyu ndege mpaka maziwa anayoyategemea, kwa sababu ukishaelewa mwili wake hizo habari za Nakuru na Natron zinakuwa nyepesi kabisa.

Majina kwanza. Flamingo na heroe ni ndege yule yule. Duniani wapo wa aina 6, 4 wako Amerika, na huku kwetu tuna 2. Heroe mdogo ana urefu wa kama sentimita 80 hadi 90, uzito wake kilo moja na nusu mpaka mbili hivi, na mdomo wake una wekundu wa giza ambao ukiwa mbali unauona kama mweusi. Huyu ndiye anayefanya yale makundi ya mamia ya maelfu. Heroe mkubwa ni mrefu zaidi, wengine wanakaribia mita moja na nusu, mwili wake ni mweupe kuliko wa mdogo, mdomo ni wa pinki wenye ncha nyeusi, na hata pale walipochanganyika utamjua haraka kwa sababu kichwa chake kiko juu ya wenzake. Humu ndani nikisema heroe bila kuongeza neno namaanisha yule mdogo, maana ndiye anayezungumzwa kwenye video zote hizo hata kama wanaoongea hawajui.

Miguu mirefu sio undugu

Watu wengi wakiona ndege mwenye miguu mirefu kando ya maji wanasema korongo, basi, yameisha. Lakini miguu mirefu ni zana ya kazi. Ndege yeyote anayetafuta riziki kwenye maji ya kina kifupi au kwenye matope, bila kuogelea na bila kulowesha tumbo, miguu mirefu itamsaidia, kwa hiyo koo tofauti kabisa za ndege zimeishia na miguu ya namna hiyo kila moja kwa njia yake, kwa miaka mamilioni, bila kuwa na udugu wa karibu.

Yangeyange na koikoi ni ukoo mmoja, hawa ni wawindaji wa kuvizia, anasimama kimya shingo ameikunja, samaki au chura akisogea shingo inachomoka kwa ghafla na mdomo wenye ncha kali umeshafanya kazi. Na akiruka shingo anaikunja, hiyo ni alama nzuri ya kumtambua hata akiwa juu sana. Korongo wa kweli wengi wananyoosha shingo wakiruka, isipokuwa marabou, yule mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni ambaye watu wa Kampala wanamwita kaloli na wanamjua vizuri maana amejaa kwenye majalala ya mji. Marabou anakula mizoga, mabaki ya machinjioni, panya, makinda ya ndege wengine, chochote. Ile miguu yake inayoonekana myeupe sio myeupe, ngozi yake ni ya giza, ila anajinyea makusudi miguuni, ule unyevu ukikauka unapoza damu inayopita pale, na kinachobaki ndio ile rangi ya chokaa. Halafu kuna korongo taji aliyeko kwenye bendera ya Uganda, ambaye pamoja na jina lake si wa ukoo wa marabou hata kidogo, anazunguka kwenye majani na mabwawa ya nyasi akiokota mbegu na wadudu.

Sasa heroe yuko wapi katika hawa wote? Hayupo. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ndugu wa karibu zaidi wa heroe ni kibisi, yule ndege mdogo wa majini mwenye miguu mifupi iliyokaa nyuma kabisa ya mwili, anayepiga mbizi mara kwa mara na akitembea nchi kavu anahangaika. Ukiwaweka pamoja huwezi kuamini, lakini ndivyo ilivyo, na kwangu hii ndiyo habari inayoonyesha vizuri kuliko zote kwamba umbo la nje linadanganya.

Kuna na hili la goti. Watu wanasema flamingo goti lake linakunjika nyuma. Hapana, pale unapopaona katikati ya mguu sio goti, ni kifundo, yaani sehemu ile ile ambayo wewe una kisigino, na chini ya hapo ni mfupa mrefu wa unyayo, kwa hiyo heroe muda wote anatembea kwa vidole. Goti lake lipo, liko juu karibu na mwili limefichwa na manyoya, na linakunjika kwenda mbele sawasawa na lako.

Na kusimama kwa mguu mmoja je? Wengi tuliambiwa ni kupumzisha mguu mwingine ambao umechoka. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani, Young-Hui Chang na Lena Ting, walionyesha jambo la kushangaza, walichukua miili ya flamingo waliokufa wakaisimamisha kwa mguu mmoja na ikasimama yenyewe, wakijaribu miguu miwili haitulii. Maana yake viungo vya yule ndege vinajifunga vyenyewe uzito ukikaa katikati juu ya mguu mmoja, misuli haifanyi kazi karibu yoyote, kwa hiyo kwake kusimama hivyo ndio kupumzika kwenyewe na anaweza kulala usingizi hapo hapo. Kuna pia suala la joto, mguu ulioinuliwa na kufichwa kwenye manyoya haupotezi joto majini. Maelezo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Mdomo ndio siri yenyewe

Miguu inampeleka heroe pale chakula kilipo, ila kinachoamua ataishi ziwa gani ni mdomo. Ukipata nafasi ya kusimama kando ya Ziwa Bogoria kule Kenya, au maziwa ya Momela pale chini ya Mlima Meru, Tanzania, asubuhi kabla upepo haujaanza, chagua ndege mmoja tu umwangalie kwa darubini usihame kwake. Utaona anainamisha shingo mpaka kichwa kinafika katikati ya miguu yake, kimegeuka juu chini, yaani ile taya ya juu ndiyo iko chini majini, anatembea polepole huku kichwa akikipeleka kushoto na kulia, na pembeni ya mdomo kuna vimawimbi vidogo vidogo vinatetemeka bila kukoma. Hivyo vimawimbi ni kazi ya ulimi. Ulimi wa heroe ni mnene, unaenda mbele na nyuma ndani ya mdomo ukivuta maji na kuyasukuma nje, kwa huyu mdogo unafika karibu mara 20 kwa sekunde moja, na ndani ya taya kuna safu za vinyweleo vidogo mno vinavyokamata chakula maji yakitoka.

Heroe mkubwa yeye anazamisha kichwa zaidi, anakoroga matope, vichujio vyake ni vikubwa, anapata mabuu ya nzi wa magadi, vijidudu jamii ya kamba na minyoo. Heroe mdogo anachuja pale juu tu, sentimita chache za kwanza za maji, na anachotafuta ni kidogo kiasi kwamba macho yako hayakioni kimoja kimoja, ni spirulina. Ndiyo, ile ile inayouzwa kwa unga na vidonge kwenye maduka ya lishe. Ni bakteria wa kijani wanaotengeneza chakula chao kwa mwanga wa jua, watu wamezoea kuwaita mwani, wamejikunja kama springi, na wanastawi kwenye maji ya magadi makali ambayo samaki wengi hawawezi kuishi. Kwa sababu hiyo wawili hawa wanaweza kula bega kwa bega bila kugombana, kila mmoja ana sahani yake.

Rangi ya pinki nayo inatoka hapo hapo. Spirulina ina zile rangi za jamii ya ile iliyoko kwenye karoti, ini la ndege linazibadilisha na zinakwenda kwenye manyoya, ngozi na miguu. Ile hadithi ya kwamba ni kamba ndo wanaowafanya wapinki kuna ukweli kwa flamingo wanaokula kamba, maana nao wale kamba wameipata rangi kwa kula mwani, ila heroe wetu mdogo anaichukua moja kwa moja. Kinda anazaliwa na manyoya laini ya kijivu, anakaa na ukijivu huo muda mrefu, na rangi kamili inachukua miaka miwili mitatu. Flamingo wakifugwa na kulishwa chakula kisicho na rangi hizo wanapauka, ndiyo maana bustani za wanyama zinawaongezea kwenye chakula. Kwa hiyo hakuna kitu kama ziwa kuwapaka rangi.

Heroe mmoja anahitaji kama gramu 60 hadi 70 za spirulina kavu kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe kwa ndege milioni moja, ni tani 60 hadi 70 kila siku inayochujwa kwa midomo. Sasa sio suala la chakula kuwepo tu, ni suala la chakula kuwa kizito ndani ya maji, kwa sababu ulimi unasukuma maji yale yale kiasi kile kile kila sekunde, na kila tone lisipokuwa na mwani wa kutosha ndege anachoka kuliko anavyoshiba. Chukua sufuria ya uji wa watu kumi uimimine ndoo nzima ya maji juu yake. Unga haujapungua hata kijiko, lakini utakunywa bakuli ngapi mpaka ushibe? Hicho ndicho kilichotokea Nakuru.

Nakuru, maji na chakula

Nakuru, Elmenteita, Bogoria, Magadi, Natron, Manyara, maziwa haya hayana mto unaotoka. Maji yanaingia kwa mvua, mito na chemchemi, yanatoka kwa kukaushwa na jua peke yake, na chumvi na magadi yanabaki nyuma yakizidi kukolea mwaka hadi mwaka. Mvua zikiwa nyingi miaka mfululizo ziwa linajaa, linapanuka, na magadi yanazimuliwa. Mvua zikikosekana ziwa linasinyaa mpaka linaweza kukauka, na Nakuru lenyewe lilikauka sehemu kubwa katikati ya miaka ya 1990. Heroe anaishi katikati ya hali hizo mbili, akikuta maji mepesi anaondoka, akikuta pamekauka anaondoka.

Kuanzia kama 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na mvua za 2019 na 2020 zikaongeza. Watafiti waliopima kwa setilaiti waliona kuwa eneo la maji la Nakuru liliongezeka kwa asilimia 91 kati ya 2009 na 2022, na katika kipindi hicho hicho ukijani wa maji, ambao ndio kipimo cha wingi wa mwani, ulishuka karibu nusu. Mwari na ndege wengine wanaokula samaki wanaweza kufurahia maji yakipungua ukali. Heroe hawezi, yeye hali samaki.

Kwa hiyo wameisha? Hapana. Na wamehama nchi? Hapo ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa sababu swali linachukulia kwamba walikuwa wakazi wa Nakuru. Heroe hajawahi kuwa mkazi wa ziwa lolote. Hata enzi zile Nakuru inasifiwa kuwa na flamingo milioni na zaidi, baada ya miezi kadhaa unaweza kukuta wamebaki elfu chache, afu wanarudi. Wanasafiri usiku zaidi, mamia ya kilomita, kutoka Bogoria kwenda Natron, Natron kwenda Manyara, kreta ya Ngorongoro, Momela, Eyasi, wengine mpaka maziwa ya Ethiopia. Heroe waliofungwa vifaa vya setilaiti Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 walionekana wakizunguka ziwa hadi ziwa, wakivuka mpaka huu na huu bila ratiba ya msimu tunayoweza kuiandika. Yaani heroe uliyempiga picha Bogoria Januari anaweza kuwa yule yule ambaye rafiki yako alimpiga Ngorongoro Juni. Hakuna flamingo wa Kenya na flamingo wa Tanzania, ni kundi moja linalokadiriwa kuwa kati ya milioni moja na nusu na mbili na nusu, lenye maziwa mengi.

Ila nisikufanye utulie mapema. Ule utafiti wa setilaiti, uliotoka mwaka 2024, haukuangalia Nakuru tu, uliangalia maziwa 22 ya Afrika Mashariki kwa miaka 23, na picha ya jumla ni kwamba chakula cha heroe kimepungua kadiri maji yalivyopanda. Tumezoea kujifariji kwamba wakitoka hapa wataenda pale. Hiyo faraja inafanya kazi pale ambapo ziwa moja likiharibika jingine linakuwa zuri, lakini mvua zikiongezeka ukanda mzima maziwa mengi yanakuwa mepesi kwa pamoja, na yale yanayoweza kuwafaa baadaye mengine hayako ndani ya hifadhi yoyote.

Vipi kuhusu vile vifo vya maelfu, watu wanaposema kuna mtu ameweka sumu? Vifo vya wingi vimetokea kweli, Bogoria na Nakuru, kwa mfano 1993 na miaka mingine baada ya hapo. Baadhi ya bakteria wa kijani, sio spirulina bali jamaa zake, wanatoa sumu wenyewe hali ya maji ikibadilika, na ndege wakiwa na njaa wanakunywa na kula kile kinachopatikana. Kuna ugonjwa wa jamii ya kifua kikuu cha ndege ambao unawashika waliodhoofika, na kuna mjadala wa miaka mingi kuhusu madini mazito yanayoingia na maji machafu ya mji wa Nakuru. Mara nyingi ni mambo haya yamekutana, kwa hiyo anayekuletea sababu moja tu mpe muda kwanza.

Natron sio kaburi, ni chumba cha kujifungulia

Sasa tuje kwenye lile ziwa linaloogopwa. Natron liko kaskazini mwa Tanzania, linagusa mpaka wa Kenya, kusini yake umesimama Ol Doinyo Lengai, mlima pekee duniani ambao siku hizi unatoa lava yenye magadi. Ziwa ni pana lakini halina kina, halifiki mita 3 sehemu nyingi, kuna chemchemi za moto, na maji yake yanapita pH 10, yaani magadi yake ni makali sana. Ukikanyaga pabaya ngozi inaungua.

Lile jambo la ndege kugeuka jiwe lilienea mwaka 2013, baada ya picha za Nick Brandt, mpiga picha aliyeokota ndege na popo waliokufa kandokando ya ziwa, miili imekaushwa na kufunikwa na magadi, akawaweka vizuri kwenye matawi na juu ya maji na kuwapiga picha. Picha zile ni nzuri na za kweli, ila wale ndege aliwaweka yeye vile walivyokaa, hawakugandishwa wakiwa hai. Magadi yanakausha na kuhifadhi mzoga, kazi ile ile Wamisri wa kale waliyoitumia kwenye maiti zao. Ndege mzima akitua Natron hageuki chochote. Heroe ana miguu yenye magamba magumu yanayovumilia magadi, ana tezi karibu na pua zinazotoa chumvi ya ziada, na anatafuta chemchemi zenye maji matamu kiasi ya kunywa hata kama ni ya moto.

Na hapo Natron ndipo wanapozaliwa. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wametoka ziwa hili moja. Kuna sehemu nyingine chache wanakozaliana, Etosha kule Namibia, Sua Pan Botswana, bwawa la Kamfers Afrika Kusini kwa kipindi fulani, na India, ila Afrika Mashariki nzima kwa miongo mingi mahali pa kutegemewa pamekuwa Natron. Na hata sisi binadamu hatukujua mpaka 1954, Leslie Brown, ofisa wa kilimo Kenya aliyependa ndege, alipopita na ndege ndogo juu ya ziwa akaona viota. Akajaribu kuvifikia kwa miguu kupitia yale matope, magadi yakamuunguza miguu vibaya sana, akalazwa hospitali kwa wiki kadhaa.

Kilichomuumiza Brown ndicho kinachowalinda makinda. Fisi na mbweha hawavuki kilomita za matope ya moto kufuata yai. Heroe wanajenga kilima kidogo cha matope, juu kina shimo, yai linakuwa moja tu, na ule urefu unaliinua kutoka kwenye ardhi inayochoma. Baba na mama wanaatamia kwa zamu kama siku 28. Kinda akitoka mdomo wake umenyooka, haujapinda, kwa hiyo hawezi kuchuja chochote, na wazazi wote wawili, baba pia, wanamnywesha maziwa mekundu yanayotengenezwa kooni mwao. Baada ya siku chache makinda wanashuka viotani wanakusanyika makundi ya maelfu, na wanaweza kutembea kilomita nyingi na wakubwa wachache kufuata maji yanayonyweka, huku kila mzazi akirudi anamtambua wake kwa sauti.

Lakini mizani yake ni nyembamba. Maji yakizidi, viota vinazama. Yakipungua sana, fisi wanapata njia ya kupita. Magadi yakikolea kupita kiasi makinda wanapata shida, na hili tulishaliona mwaka 1962 pale Natron ilipofurika na heroe wakaenda kuzalia Ziwa Magadi upande wa Kenya. Kule magadi yaliwaganda makinda miguuni, yakafanya pete nzito nyeupe kwenye vile vifundo nilivyovieleza juu, kinda anaburuta uzito mpaka anashindwa kutembea. Watu waliingia kule wakaanza kuwashika mmoja mmoja na kugonga zile pete kwa nyundo ndogo polepole mpaka zipasuke, na wengine wengi wakawasogeza kwenye maji mepesi kabla hayajawaganda, maelfu kwa maelfu wakapona. Kila nikifikiria mtu ameinama kwenye jua la Magadi na nyundo mkononi, mguu wa kinda una unene wa penseli, naona hapo kuna upendo wa kweli kwa hawa ndege.

Na kwa nini narudia rudia Natron wakati kila mtu anauliza Nakuru? Kwa sababu heroe anaishi miaka mingi sana. Kulikuwa na heroe mkubwa kwenye bustani ya wanyama ya Adelaide, Australia, alikufa Januari 2014 akiwa na umri usiopungua miaka 83. Hawa wa porini hawafiki huko kirahisi lakini miongo kadhaa wanaishi, na hawazai kila mwaka, wanasubiri mwaka mzuri. Faida yake ni kwamba mwaka mmoja mbaya hauwaangamizi. Hatari yake ni kwamba uzazi ukikwama Natron miaka kumi mfululizo, wewe kule Bogoria utaendelea kuona pinki nzuri tu, video zitaendelea kupendeza, kumbe unaangalia wazee wasio na warithi. Kwa hiyo kundi kubwa unaloliona leo linakuambia Natron ilikuwaje zamani, halikuambii ikoje sasa, na ndiyo maana nadhani tunaangalia ziwa lisilo sahihi.

Natron iliwekwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2001. Hiyo haikuzuia mwaka 2006 kuja mpango wa kiwanda cha magadi wa kampuni ya Tata Chemicals na Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, wa kuvuta maji ya ziwa na kuzalisha tani laki tano kwa mwaka. Upinzani ulikuwa mkubwa, Tata wakajitoa 2008, na NDC baadaye ikaelekeza macho Engaruka, kusini zaidi, ambako kuna magadi mengi chini ya ardhi mbali na viota. Watu wanaosema ajira nao wana haki ya kusikilizwa, vijiji vya kule ni vya wafugaji na maisha ni magumu, ila kwa mradi wa pale ziwani mwenyewe naona jibu lilikuwa sahihi, maana magadi unaweza kuyapata kwingine na kiota huwezi kukihamisha. Kitu kingine ambacho hakizungumzwi vya kutosha ni mto Ewaso Ng'iro wa kusini, ndio mto mkubwa unaolisha Natron, na unaanzia kwenye msitu wa Mau huko Kenya. Miti ikikatwa Mau matope yanashuka Natron, maji yakizuiwa huko juu kiwango cha ziwa kinabadilika huku chini. Kwa hiyo Mkenya anayelalamika flamingo wameenda Tanzania ana sehemu kubwa ya mamlaka juu ya kama watazaliwa wengine.

Kwa anayetaka kwenda kuwaona mwenyewe, Bogoria kwa miaka mingi imekuwa chaguo zuri Kenya kuliko Nakuru, kwa sababu ni ziwa refu la kina kirefu kiasi na magadi yake hayazimuliwi haraka. Tanzania kuna Momela, kreta ya Ngorongoro, Manyara, na Natron yenyewe ukifikia Ngare Sero, kijiji cha pale ziwani. Ulizia wenyeji kabla ya kufunga safari, walioko pale wanajua wiki hiyo ndege wako upande gani. Ukifika kaa mbali, usikimbilie kundi ili liruke upate video, na droni iache nyumbani, maana wakishtuka wakiwa wanakula wanapoteza nguvu waliyoichuja kutwa nzima, na wakishtuka wakiwa viotani mayai yanabaki wazi, na marabou huwa yuko karibu.